Nilimwendea na beseni, akageukia ukutani

Shikamoo Bibi,

Mimi ni mama wa miaka 54, mjane, naishi Nianjema hapa Bagamoyo. Asubuhi nauza vitumbua, jioni samaki wa kukaanga. Ni Mkatoliki, na kwenye jumuiya yetu ndogo ndogo nimekuwa mweka hazina miaka sita sasa. Naomba usinitaje jina.

Nyumba ya pili kutoka kwangu anakaa mzee wa Kiislamu. Alikuwa fundi wa vyombo vya baharini, majahazi na mashua, na huko pwani wavuvi wanamheshimu mpaka leo. Mwaka juzi alipata kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikafa. Mkewe alishatangulia. Watoto wake wawili wako Dar es Salaam, pesa wanatuma, na kuna kijana wa ukoo analala naye, ila mchana kutwa yuko kwenye bodaboda.

Nilianza kwa kumpelekea uji. Baadaye nikawa namfulia mashuka. Siku moja nikamkuta amejichafua, kijana hayupo, nzi wametanda. Nikachota maji nikamsafisha. Tangu siku hiyo ikawa kazi yangu. Nikimaliza vitumbua, saa nne naingia kwake na beseni, sabuni na kitambaa. Yeye hufumba macho mpaka nimalize. Nilijua ni maumivu.

Habari zilienea. Padre aliligusia jambo hili kwenye mahubiri, hakunitaja lakini watu waligeuka kunitazama. Nilifurahi, Bibi. Sitakuficha, nilifurahi sana.

Kwaresima hii tulikubaliana kwenye jumuiya kila mtu afanye tendo la huruma. Wakaja wanawake wawili twende wote kwa mzee. Nilivaa kitenge cha sare, nikapiga magoti, nikamwosha miguu, mwenzangu akapiga picha. Jioni picha ikawa kwenye kundi letu la simu. Watu wakaandika amina, amina, hongera mama. Sijui ilitokaje humo, ila siku ya tatu mtoto wake wa Dar alinipigia kwa hasira. Aliniuliza baba yake nimemgeuza maonyesho ya dini gani. Akasema ndugu zake wanashuku pia nautaka uwanja wa baba yao.

Kesho yake nilimwendea kama kawaida. Nilipoweka beseni chini, mzee aligeukia ukutani. Nikamsalimia, kimya. Nikamwita, "Baba." Ndipo akasema polepole, maneno yake siku hizi hayatoki vizuri: "Mwanangu, umenivua nguo mbele za watu." Hakuongeza neno. Nilibeba maji yangu nikarudi nayo nyumbani yakiwa safi.

Sasa ni wiki ya tatu. Uji namtumia kwa mjukuu wangu wa miaka tisa, na huo anaunywa. Huyo mtoto naye ana utundu wake, hutengeneza vimashua vya vifuu vya nazi na huingia navyo mpaka kitandani kwa mzee. Mzee humnung'unikia kuwa mlingoti ameuweka vibaya. Mara nyingi nimemfukuza asimsumbue mgonjwa.

Jumuiya nayo imenipoa. Mmoja ananiuliza, "Mwaka wa pili huo, umeshamhubiria hata mara moja?" Mwingine anasema nilijitakia. Na mwili umechoka, presha imepanda, miguu inavimba. Mkwe wangu anataka awe ananifulia na kunikandia unga wa vitumbua, nimemkatalia. Mimi ndiye wa kuhudumia watu, sijazoea kuhudumiwa.

Yesu aliosha miguu ya wanafunzi wake, nami nimeosha ya jirani yangu. Nimekosea wapi? Niache, au nirudi kwa nguvu mpaka akubali?

Mama wa Nianjema


Marahaba mwanangu.

Nianze na siku ile ya nzi. Ulifanya sawa. Nimekuwa muuguzi miaka 33, zaidi wodi za wanaume, na nimeona ndugu wa damu wakichungulia mlangoni, wakaziba pua, wakasema watarudi jioni. Wewe si ndugu yake, wala si wa dini yake, na ulichota maji. Hilo asikupokonye mtu, si jumuiya yako wala huyo mtoto wa Dar.

Sasa twende penye kidonda. Unadhani mambo yaliharibika kwenye picha. Picha ni kosa, nitaifikia. Lakini nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali ulipomwuliza mzee, "Baba, unaridhia nikuoshe mimi?" Sikupaona. Nimepaona mahali pengine: "hufumba macho mpaka nimalize." Mwanangu, nimeosha wagonjwa wengi mno. Mwenye maumivu hukunja uso, huguna, hushika mkono wako. Anayefumba macho kimya mwanzo mpaka mwisho, mara nyingi ameondoka. Amekuachia mwili, yeye hayupo. Mzee wa Kiislamu, mtu aliyekuwa akiamrisha mafundi na wavuvi, anavuliwa msuli na mama wa jirani kila siku saa nne. Stara kwake ni ibada. Alikuvumilia kwa sababu alikuwa na haja, na pengine kwa sababu anakupenda. Kuvumilia siyo kuridhia.

Umemtaja Yesu na miguu ya wanafunzi. Basi tusome vizuri, Yohana sura ya 13. Anavua vazi, anajifunga kitambaa, anatia maji katika beseni, anapita mmoja mmoja. Anafika kwa Petro, na Petro anakataa katakata. Mahubiri mengi hapo tunamsema Petro tu, mbishi, hakuelewa. Mimi humtazama Bwana. Hakuukamata mguu wa Petro. Alimjibu. Petro akakataa tena, akajibiwa tena, mpaka akataka mwenyewe, na akazidisha: basi na mikono na kichwa pia. Aliyeshika beseni alikuwa Bwana na Mwalimu, na bado alizungumza na mwenye mguu mpaka mwenye mguu akakubali. Unyenyekevu umekaa hapo kuliko kwenye magoti. Magoti hata mtu wa kiburi anaweza kuyapiga.

Kwa hiyo swali lako la mwisho nalijibu sasa hivi: usirudi kwa nguvu. Huduma ya nguvu inageuka utawala, hata ikiwa na sabuni.

Na hili usidhani ni lako peke yako. Mji wako unalijua. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipovuka kutoka Zanzibar mwaka 1868 na kufungua misheni hapo Bagamoyo, waliwapokea watu waliokombolewa utumwani, wengi wao watoto. Waliwalisha, wakawatibu, wakawafundisha kusoma na kazi za mikono. Nenda kayaangalie makaburi yao pale misheni, utaona wamisionari waliokufa wangali vijana. Walitoa maisha, hakuna ubishi. Lakini watu wale wale waliokombolewa walipangiwa siku nzima, lini shambani, lini kusali, na hata ndoa zao zilipangwa ndani ya misheni. Wapo waliotoroka. Mtu ametolewa kwenye mnyororo, analishwa vizuri, anatoroka! Ukiniuliza mimi, mtu akishaponyeshwa njaa, kitu cha pili anachotafuta ni kuulizwa anataka nini. Sisemi hayo kuwadharau. Nayasema kwa sababu mapenzi ya kweli yanaweza kukosa adabu hii moja, na mwenye mapenzi asijue.

Picha sasa. Mwaka 2013, Alhamisi Kuu, Papa Fransisko alikwenda gereza la vijana la Casal del Marmo, Roma, akapiga magoti akaosha miguu ya vijana 12. Walikuwamo wasichana wawili na walikuwamo Waislamu. Wengi wa vijana wa gereza lile walikuwa bado hawajafikia umri wa utu uzima, kwa hiyo waandishi wa habari walizuiwa kuingia ovyo, na video iliyotoka ilionyesha miguu. Dunia nzima ilikuwa inautaka uso wa kijana mfungwa analia, haikupewa. Mzee wako alistahili hivyo hivyo. Ulimvalia sare, ukaja na mashahidi. Siku hiyo miguu yake haikuwa na kazi nyingine ila kukamilisha picha yako, naye alilijua hilo kabla mtoto wake hajapiga simu.

Unajiuliza sasa kama huduma yote ilikuwa ya sifa, kwa vile ulifurahi padre alipoigusia. Hapana. Baba yangu mdogo alikuwa fundi wa vyombo huko Pangani, na mzee wako atakuwa anayajua haya kuliko mimi. Chombo kinapakwa sifa, yale mafuta ya papa, ubao usiharibike na maji ya chumvi. Lakini sifa haizibi nafasi kati ya mbao. Hiyo inazibwa na kalafati, pamba inayopigwa ndani kwa nyundo, mtu amejikunja chini ya chombo peke yake tangu asubuhi. Na neno ndilo hilo hilo, sifa. Nawe ukisifiwa, shukuru, haikuharibu. Ila chunguza pamba yako ipo. Miezi yote ile kabla padre hajasema neno ulikuwa unaingia mle ndani bila shahidi, kwa hiyo ipo. Sasa hivi umekauka sifa ndiyo maana unasikia baridi, na baridi hiyo itapita.

Na ukumbuke mji wako uliwahi kupokea watu waliobeba bila kuonekana. David Livingstone alifia kwa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, Mei 1873. Watumishi wake, Chuma na Susi, na wenzao waliubeba mwili wake kwa miguu zaidi ya kilomita 1,500, wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874. Hapakuwa na aliyewatuma. Walipoukabidhi, wengi wao walilipwa wakaachwa waende zao. Livingstone akazikwa London tarehe 18 Aprili, na Chuma na Susi hawakuwapo mazikoni. Waliletwa Uingereza baadaye, mazishi yameshapita. Nikiwa Bagamoyo nikalitazama lile jengo la mnara wa zamani pale misheni ulipolazwa mwili, huwaza zaidi mabega yaliyoufikisha.

Sasa ufanye nini. Kwanza picha. Ifute kwako, na kwenye kundi andika wewe mwenyewe, kwa maneno mawili, kwamba ulikosea na unaomba kila aliyeihifadhi aifute. Usieleze sana. Kisha mpigie mtoto wa mzee. Usijitetee kwa uji wala kwa mashuka, sema umemkosea baba yake na yeye. Halafu mwulize kama kuna mwanaukoo angependa awe anakuja, na gharama zozote zinazopitia mkononi mwako mwandikie kwenye daftari na umtumie kila mwezi. Wewe ni mweka hazina, hilo halikushindi. Maneno ya uwanja yatakufa kwa njaa.

Kuosha mwili kuhamie kwa wanaume. Yule kijana wa bodaboda afundishwe, na kama hawezi kila siku, mwende pamoja kwa imamu wa msikiti anaousali mzee. Mweleze hali. Kuna vijana pale hawajui kama mzee wao analala na uchafu. Imamu pia atajua namna mzee anavyoweza kujitwaharisha na kuswali akiwa kitandani, na huenda hicho ndicho kilichokuwa kinamliza rohoni muda wote huu, nasi tunashughulika na miguu. Wafundishe vijana kama nilivyowafundisha wanafunzi wangu: bisha hodi hata kama mlango uko wazi. Mwambie unachotaka kufanya kabla ya kumgusa. Mfunike kanga au shuka, funua sehemu unayoosha tu, kisha ifunike. Anza na uso, malizia na siri zake, na maji yabadilishwe. Mkono wake mzima mpe kitambaa ajifute mwenyewe anapofika, hata akichukua nusu saa. Na ageuzwe ubavu kila baada ya saa mbili hivi, maana vidonda vya kulalia vikishaingia vinakula mpaka mfupa. Kagua makalio, visigino na mgongoni, ukiona wekundu usioondoka mpelekeni hospitali mapema.

Wewe baki na uji, mashuka na mazungumzo. Si kazi ndogo kuliko ile ya beseni. Waumini walipowachagua wale saba katika Matendo ya Mitume sura ya 6, walichaguliwa kwa ajili ya meza za wajane, mgawo wa chakula wa kila siku, na waliwekewa mikono kwa kazi hiyo hiyo.

Huyo dada anayeuliza kama umemhubiria, mwambie kwa upole kwamba uji wa mzee hauna bei. Mzee akikuuliza siku moja kwa nini unafanya haya, mjibu ukweli wako wote, mtaje Yesu bila haya. Asipouliza, mwachie Mungu.

Nimebakiza jambo moja na ndilo linalonisumbua zaidi. Uliandika kwamba hujazoea kuhudumiwa, ukaandika kama fahari. Mwanangu, huyo ni Petro anayeongea. Siku chache kabla ya kuosha miguu ya wengine, Bwana alikaa Bethania akamwacha Mariamu aipake miguu yake marhamu na kuifuta kwa nywele zake. Nyumba ikajaa harufu. Yuda akaona ni hasara, Bwana akamtetea Mariamu. Tena kwa yule mwanamke Msamaria kisimani alianza kwa kuomba, nipe maji ninywe. Alijua kupokea. Wewe hujui, na mtu asiyejua kupokea hawezi kujua ni uchungu gani kulala chali na kupokea mwaka mzima. Miguu yako inavimba na presha iko juu. Huo ni mwili unaopiga kelele, nenda kapimwe wiki hii. Na mkwe wako mwite leo jioni, mwambie akufulie. Kaa kwenye mkeka umtazame anavyofua. Kitakuuma kitu fulani ndani, kama aibu. Ukisikie vizuri, kwa sababu ndicho alichokisikia mzee kila saa nne.

Baada ya hapo nenda kwake. Usiende na beseni, usiende na sare, usiende na mtu. Sema, "Baba, nimekukosea, sikukuuliza. Nisamehe." Akibaki amegeukia ukutani, aga uondoke. Kesho mpelekee uji kama kawaida.

Na mjukuu wako usimfukuze tena. Katika barua yako yote, huyo mtoto peke yake ndiye anayeingia kwa mzee akiwa na haja. Mlingoti umekaa vibaya, na katika nyumba zote za Nianjema hakuna anayejua kuuweka sawa kuliko mtu aliyelala pale. Mkono wa kushoto unafanya kazi, na maneno ingawa polepole yanatoka. Mwokotee mtoto kifuu kizuri, mpe kijiti na kipande cha kitambaa cha tanga, mwambie aende akamwombe babu amfundishe. Wewe kaa nje barazani na samaki wako, ukitia chumvi, uwasikilize.